Kuvua gwanda na kuwa mhandisi wa mifumo ya ulinzi: kazi ni ipi na njia ni ipi?

Kila Jeshi la Wananchi linapotangaza nafasi za vijana wenye taaluma za ufundi, magrupu ya WhatsApp hapa Dar es Salaam hujaa maswali yaleyale. Kijana ana stashahada ya umeme: akienda jeshini atatoka mhandisi? Mjomba amestaafu na cheo cha Sajinitaji baada ya maisha yote kwenye karakana ya magari ya jeshi: kuna kazi ya kitaalamu inayomfaa uraiani, au ni lindo la getini tu? Na yule "mhandisi wa mifumo ya ulinzi" tunayemwona kwenye video za Marekani, aliyeacha jeshi akapata kazi nzuri, hapa kwetu yupo?

Majibu yanayotolewa huko yanachanganya kazi tatu. Ya kwanza ni ile ya mafundi wa Kariakoo wanaofunga kamera, fensi za umeme na mageti ya rimoti. Nao huandika "mifumo ya ulinzi" kwenye vibao vyao. Ni kazi halali na ina soko, ila siyo tunayoizungumzia. Ya pili ni ya wahandisi wa medani, wanajeshi wanaojenga madaraja ya dharura, kufungua njia na kutegua mabomu. Ya tatu ndiyo yenyewe, na kwa kuwa haionekani kwa macho kama hizo mbili, ndiyo inayoeleweka kidogo zaidi.

Mfumo wa ulinzi ni mkusanyiko wa vifaa, programu za kompyuta, watu, taratibu na huduma za nyuma vinavyofanya kazi pamoja ili jeshi litimize jukumu fulani: kuiona ndege ingali mbali, kuwasiliana bila adui kusikia, kufikisha askari na mizigo, kulinda bahari. Mhandisi wa mifumo ndiye anayehakikisha sehemu zote hizo zinashikana, tangu siku jeshi linaposema "tunahitaji uwezo huu" hadi siku kifaa kinapoondolewa kwenye matumizi. Kwa kawaida hachongi chuma wala haandiki programu yote mwenyewe. Anauliza kitu kinahitajika kifanye nini, anagawa kazi hiyo kwa wataalamu, anapanga majaribio, kisha anathibitisha kwamba kilicholetwa kinakidhi kilichoombwa.

Tazama mwendokasi. Basi peke yake halikutoi Kimara likakufikisha Kivukoni. Inahitajika njia yake lenyewe, vituo vyenye sakafu iliyolingana na mlango, tiketi, taa za makutano, madereva, na mahali pa kuyalaza na kuyatengeneza mabasi. Huduma ilianza mwaka 2016, na karakana ikawekwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi. Mvua kubwa iliponyesha, maji yaliingia. Mwaka 2018 mafuriko yaliharibu mabasi na abiria wakabaki vituoni, ingawa barabara ya zege ilikuwepo, madereva walikuwepo na vituo vilikuwepo. Ukikagua kipande kimoja kimoja huenda usione kosa. Lazima mtu mmoja awe na kazi ya kuviangalia vyote kwa pamoja, na aulize mapema: mvua ya masika itakapokuja, haya mabasi yatakuwa yamelala wapi?

Kwenye ulinzi, swali la namna hiyo lina uzito wa roho za watu. Wakazi wa Mbagala waliokuwepo Aprili 29, 2009, na wa Gongo la Mboto waliokuwepo usiku wa Februari 16, 2011, mabomu yaliyohifadhiwa kambini yalipolipuka na kuua raia, hawahitaji mhadhara wa kuwaeleza kwamba ghala ni sehemu ya mfumo wa silaha. Hali ya hewa ndani ya ghala, umri wa risasi zilizomo, ratiba ya ukaguzi, umbali hadi nyumba ya kwanza ya raia: yote hayo ni mambo ya mhandisi wa mifumo, na ni sehemu ya kazi yake ninayoiona kuwa nzito kuliko kombora lenyewe.

Sasa askari anaingia wapi? Hapa ndipo penye kiini, na mfano bora ninaoujua ulitokea mbali na sisi.

Februari 25, 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud la Iraki liliangukia kambi ya Wamarekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua wanajeshi 28. Mtambo wa Patriot wa kuzuia makombora ulikuwa umewashwa, lakini haukurusha chochote. Uchunguzi uligundua kwamba kompyuta yake ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu katika namba za kompyuta. Kila mara kipande kidogo mno kinakatwa. Kwa saa chache kosa hilo halina madhara. Mtambo ule ulikuwa umewashwa takriban saa 100 mfululizo, na saa yake ilikuwa imepotoka kwa theluthi moja ya sekunde. Scud huenda kasi ya zaidi ya kilomita moja na nusu kwa sekunde, kwa hiyo mtambo ulikuwa unalitafuta kombora mahali palipopishana nalo kwa zaidi ya nusu kilomita. Haukuona kitu, ukaamua hakuna shambulio.

Kosa la hesabu ni nusu tu ya kisa. Patriot ilisanifiwa kwa vita vya Ulaya, ambako ilitarajiwa kufanya kazi saa chache kisha kuhamishwa. Kule jangwani ilisimama mahali pamoja na kuachwa ikiwaka siku baada ya siku. Waisraeli, waliokuwa nayo pia, walikuwa wamegundua upotofu huo baada ya saa nane tu na wakatoa taarifa wiki mbili kabla. Watumiaji wakaandikiwa ujumbe kwamba kuiwasha kwa "muda mrefu sana" kunaweza kuleta tatizo. Muda mrefu sana ni saa ngapi? Hapakuwa na namba. Kuizima na kuiwasha upya, kazi ya dakika moja au mbili, kungesahihisha saa. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran Februari 26, siku moja baada ya vifo.

Mtu aliyejua kwamba mtambo umewaka siku nne mfululizo alikuwa askari aliyekaa mbele ya kioo. Mtu aliyejua kwamba siku nne ni hatari alikuwa mhandisi aliyekaa ofisini, maelfu ya kilomita kutoka pale. Hakuna kilichounganisha vichwa hivyo viwili. Aliyevaa gwanda kisha akasomea uhandisi ana nafasi ya kuwa kichwa kimoja chenye elimu zote mbili, na hiyo ndiyo thamani yake halisi. Ukakamavu na nidhamu vinasaidia, lakini wapo raia wengi wenye nidhamu. Asichonacho raia ni kumbukumbu ya jinsi kifaa kinavyotumika kweli: kwamba dereva aliyechoka huruka hatua ya tatu ya ukaguzi, kwamba vumbi la Dodoma linaingia kwenye kichujio ambacho kitabu cha mtengenezaji kinasema kisafishwe kwa mwezi, kwamba mkono wenye glavu hauwezi kubonyeza kitufe kile.

Kumbukumbu pekee, hata hivyo, haijawa uhandisi. Inabidi igeuzwe kuwa sharti linaloweza kupimwa. Askari wa mawasiliano akisema "redio hizi zinakufa hovyo", amesema kweli, lakini hakuna mtengenezaji atakayebanwa na sentensi hiyo. Mhandisi anaiandika hivi: redio ifanye kazi saa 12 mfululizo kwa betri moja, kwenye joto la nyuzi 40, ikiwa imefungwa kwenye gari linalokwenda kwenye barabara ya changarawe, na isipoteze mawasiliano kwa zaidi ya sekunde kadhaa zilizotajwa. Sasa kuna kitu cha kupima. Siku ya makabidhiano unafunga redio kwenye gari, unaelekea barabara ya vumbi, unashika saa. Imefaulu au imeshindwa, na malipo yanafuata jibu. Anayeijua kambi na anaweza kuandika sentensi ya namna hiyo ameshaingia kwenye taaluma, hata kama hajapata cheti. Anayeweza tu kulalamika bado.

Kwa Tanzania uwezo huo una maana ya pekee, kwa sababu sehemu kubwa ya zana zetu tunazinunua. Wengi wetu tunakumbuka "chenji ya rada". Serikali ilinunua rada kutoka BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Wataalamu wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga walipoitathmini walisema kimsingi ni mtambo wa kijeshi, na kama lengo ni kuongoza ndege za kiraia basi haujitoshelezi na bei yake imezidi. Mwaka 2010 kampuni ilikiri mahakamani kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu za biashara ile, na pauni milioni 29.5 zikatolewa kwa manufaa ya Watanzania, zikaenda kwenye elimu. Mjadala wa nchi ulikuwa juu ya rushwa, na ulistahili kuwa hivyo. Lakini lilikuwepo swali la kihandisi lililotakiwa kujibiwa kabla ya senti ya kwanza kulipwa: rada hii ione nini, kwa umbali gani, kwa ajili ya nani, itunzwe na nani kwa miaka mingapi? Nchi inayonunua inahitaji watu wa kuuliza hivyo upande wake wa meza. Muuzaji anao wa kwake, tena wengi.

Ndiyo maana dhana kwamba mhandisi wa mifumo ya ulinzi ni mtu wa kuunda bunduki inapotosha vijana. Viwanda vipo: Shirika la Mzinga la Morogoro, na Nyumbu ya Kibaha inayoshughulika na teknolojia ya magari, vyote chini ya wizara ya ulinzi. Vinaajiri wachache. Kazi kubwa zaidi iko kwenye kuandika mahitaji ya zabuni, kupokea na kujaribu vifaa, kupanga vipuri na matengenezo ya miaka 20, kuunganisha redio mpya na gari la zamani. Na ujuzi huohuo unahitajika nje ya ulinzi kabisa: rada za viwanja vya ndege, mawasiliano ya bandari, reli ya SGR, mitambo ya umeme. Nikiwa mkweli, Mtanzania anayejiandaa kwa taaluma hii ajiandae pia kuifanyia kazi kwenye reli au bandari. Atapata riziki, na atabaki na ujuzi uleule.

Dhana nyingine ni kwamba njia hii ni ya maofisa. Ofisa ana faida ya kuwa wengi wao wana shahada, lakini mwenye hazina ya makosa ya vifaa ni koplo na sajenti wa karakana. Kinachomzuia ni karatasi. Kwa upande wa pili, kijana aliyepita JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita asijihesabu kuwa na uzoefu wa kijeshi wa kuuza kwenye taaluma hii. Amepata ukakamavu na uzalendo. Hajakaa na mtambo akaujua tabia zake.

Basi karatasi zenyewe. Tanzania, neno mhandisi linalindwa na sheria ya mwaka 1997 iliyounda Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Huruhusiwi kufanya kazi hiyo na kujiita mhandisi bila kusajiliwa, hata kama umetengeneza vifaru maisha yako yote. Mwenye shahada inayotambuliwa husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, akafanya kazi chini ya uangalizi kwa miaka kama mitatu, kwa kawaida kupitia mpango wa ERB wa mafunzo kwa vitendo, kisha akaomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Wenye stashahada wana daraja lao la mafundi sanifu kwenye bodi hiyohiyo, na wengi hawalijui.

Kwa askari aliyeishia kidato cha nne na kozi za fani jeshini, mlango wa kwanza ni kujua kozi zile zinahesabiwa vipi uraiani. Cheti kilichotolewa na chuo kilichosajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kina ngazi inayoeleweka. Kilichotolewa ndani ya kikosi, mara nyingi hakina. Ukisoma nje ya nchi, tuzo ya shahada inapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kutambuliwa, na ya chini ya shahada inapelekwa NACTVET. Usisubiri hadi siku ya usaili. Kwa ujuzi wa mikono usio na cheti kabisa, VETA ina utaratibu wa kumpima mtu anachokijua na kumpa cheti cha kiwango chake. Fundi wa magari ya jeshi anaweza kuanzia hapo badala ya kurudi darasani kujifunza kufungua injini.

Kutoka hapo ngazi inapanda kupitia stashahada. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, pale Bibi Titi na Morogoro Road, inafundisha umeme, mitambo, elektroniki na mawasiliano, na kompyuta, na ina shahada pia. Aliyekuwa wanamaji anafaa kuangalia chuo cha mabaharia, DMI, kwenye uhandisi wa meli. Aliyekuwa kwenye ndege aangalie chuo cha usafirishaji, NIT, Mabibo, akijua kwamba leseni ya fundi wa ndege hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA. Stashahada yenye wastani wa GPA 3.0 hufungua maombi ya shahada. Kipo pia kile kinachoitwa utambuzi wa maarifa ya awali, kinachomruhusu mtu mzima kuomba chuo kikuu bila sifa za kawaida, lakini kwa uhandisi nashauri stashahada. Hesabu utakutana nazo tu, na ni afadhali ukutane nazo hatua kwa hatua.

Hapa kwetu wengi huingia uhandisi wa mifumo wakitokea kwenye umeme, mitambo au mawasiliano. Baadaye unaongeza. Baraza la kimataifa la wahandisi wa mifumo, INCOSE, lililoanzishwa 1990, lina vyeti vya ngazi tatu. Cha kwanza, ASEP, kinapatikana kwa mtihani bila sharti la uzoefu. Cha pili, CSEP, kinataka angalau miaka mitano ya uzoefu wa kazi hiyo na watu wa kukuthibitisha. Kiwango cha kimataifa kinachoeleza hatua za kazi yenyewe kinaitwa ISO 15288. Vyeti hivyo havichukui nafasi ya ERB, na anayekuuzia kozi ya miezi mitatu kwa ahadi ya kukufanya "mhandisi wa mifumo ya ulinzi" anakula hela yako.

Ushauri wa video za Marekani unafaa kusikilizwa kwa tahadhari. Kule askari anaweza kutumia hadi siku 180 za mwisho za utumishi akijifunza kazi kwenye kampuni kupitia mpango uitwao SkillBridge, huku akilipwa mshahara wa jeshi. Ni mpango mzuri, na ningependa kuuona mfano wake kati ya kambi ya Lugalo na karakana za reli. Lakini hauhusu Mtanzania. Kampuni zile zimebanwa na sheria za kudhibiti taarifa za zana za kivita, na kazi nyingi zinataka uraia na upekuzi wa usalama. Kutuma CV huko ukiwa Mbezi ni kujichosha.

CV yenyewe ina mtego wake. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 haikuachi kwa sababu umestaafu. Idadi ya zana, mahali zilipo, masafa ya redio, udhaifu wa mtambo fulani: hivyo havitajwi kwa mwajiri, wala kwenye usaili, wala kwa rafiki anayekusaidia kuandika. Eleza aina ya kazi na matokeo yake kwa jumla. "Nilisimamia matengenezo ya kinga ya magari ya mizigo na kupanga vipuri" inatosha kumwonyesha mwajiri unachokijua, na haimwambii mtu yeyote siri ya kikosi.

Kuhusu umri, nitasema ninavyoona. Stashahada miaka mitatu, shahada minne, uangalizi mitatu: ni miaka kumi. Mwenye miaka 28 aanze leo, ikiwezekana akiwa bado kazini na kwa ruhusa ya mkuu wake. Anayestaafu akikaribia 50 asikubali kushawishiwa kuuza kiwanja alipe ada ya shahada. Daraja la fundi sanifu, ukaguzi, majaribio ya vifaa na ukufunzi vinamhitaji sasa hivi kwa alichonacho tayari, na timu nzuri ya mifumo haikamiliki bila mtu kama huyo.

Lipo jambo moja la kufanywa kabla ya siku ya kukabidhi vifaa ghalani, na wanaolisahau ni wengi. ERB, INCOSE na mwajiri yeyote makini watataka ushahidi wa kazi uliyofanya: tarehe, jukumu, nani alikusimamia. Omba barua ya maelezo ya kazi ingali mkuu wako yupo kikosini, kwa maneno yasiyogusa siri, na yenye sahihi. Akishahamishwa Mtwara au kustaafu, utamtafuta kwa simu miezi.